Siku Usiyoweza Kusikiliza, Nani Analipa? Ulinganisho kwa Washauri wa Afya ya Akili Dodoma

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, simu ilitetemeka mezani. "Dada samahani, leo sitaweza kuja, tumeitwa kikao cha ghafla." Mteja wa saa nne. Nilikuwa nimeshaketi kwenye chumba changu cha Area D, jagi la maji limejaa, boksi la tishu liko mahali pake. Nilichohisi kwanza ni nafuu: leo sitaisikia habari ile. Kabla nafuu haijapoa, likaja la pili: shilingi 40,000 imekwenda. Nikabaki nimefurahi na nimeumia papo hapo.

Nimewahi kula mshahara, nikala mkataba wa mradi, sasa nimejiajiri na nusu (hiyo nusu nitaieleza). Wadogo zangu wanaomaliza saikolojia na unasihi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na vyuo vingine huniuliza njia ipi ni bora. Leo huuliza habari ya fedha, wiki ijayo huuliza habari ya kuchoka, kana kwamba ni mambo mawili. Mimi nayapima yote kwa swali moja: siku ambayo huwezi kusikiliza, nani analipa?

Maana siku hiyo inakuja. Herbert Freudenberger aliandika habari za kuungua kwa wahudumu, yaani kuchoshwa na kazi mpaka mtu anaisha, tangu 1974, akiwatazama wenzake wa kliniki ya kujitolea New York, na yeye mwenyewe akiwemo. Christina Maslach akaja kuonyesha sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwaona wateja kama mizigo, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likauweka uchovu huo kwenye orodha yake ya ICD-11 kama jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Lakini kuna kitu kingine ambacho watu hukichanganya na hicho: kiwewe cha kupokea, yaani hadithi ya mteja inakuingia mpaka unaiota wewe. Uchovu wa kazi hujengeka polepole, kwa foleni ndefu na kipato kifupi. Kiwewe cha kupokea kinaweza kuingia kwa kikao kimoja tu. Nakuomba uvitenganishe tangu sasa, kwa sababu cha kwanza unaweza kukipunguza kwa kupanga fedha na saa zako vizuri. Cha pili hakijali una akiba kiasi gani.

Mshahara, mradi, au chumba chako

Dodoma ina nafasi za aina zote. Kuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoanza miaka ya 1920, kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, vyuo, na maafisa ustawi wa halmashauri ambao hufanya unasihi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna miradi ya vijana, ya VVU, ya ukatili wa kijinsia. Na tangu serikali ihamie huku kwa nguvu kuanzia 2016, kuna soko la watu binafsi ambalo zamani halikuwepo: watumishi walioacha wenza na watoto Dar es Salaam, wanaishi peke yao Kisasa au Iyumbu, na jioni hawana wa kuzungumza naye.

| | Serikalini | Mkataba wa mradi | Chumba chako |
|---|---|---|---|
| Ukiumwa | Mshahara unaendelea, kwa cheti cha daktari | Kisheria siku 126 ndani ya miezi 36: 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu | Hakuna kikao, hakuna fedha |
| Uzeeni | PSSSF (mfuko wa watumishi wa umma): wewe asilimia 5, mwajiri 15 | NSSF (mfuko wa sekta binafsi): mara nyingi asilimia 10 kwa 10 | NSSF kwa hiari, yote mfukoni mwako |
| Mteja asipokuja | Unapumua | Unapumua, ila namba ya ripoti inapungua | Umekosa |
| Nani anaamua idadi ya wateja | Foleni | Malengo ya mfadhili | Wewe, na kodi ya pango |

Ukiisoma harakaharaka, serikali imeshinda. Kwa swali langu, kweli imeshinda: siku usiyoweza kusikiliza, analipa mwajiri. Lakini mstari wa mwisho una makali. Foleni haikuulizi leo umeamkaje. Mtu wa mshahara anaweza kusikiliza watu kumi na wanne kwa siku, dakika kumi na tano kila mmoja, miezi kumi na mmoja mfululizo, na mshahara ukaingia bila kukosea huku yeye ameisha. Siku za ugonjwa anazo, ila kuzitumia lazima aende kwa daktari, na pengine daktari huyo ni mwenzake wa korido ileile, akamwambie, "Dokta, nimechoka na watu." Wengi wetu tunawaambia wateja kila siku kwamba kuomba msaada si aibu. Halafu sisi tunachukua Panadol.

Mradi ndio niliokaa nao zaidi. Malipo mazuri, posho za safari, gari la kwenda Bahi na Chamwino, na baadhi ya mikataba ina kiinua mgongo mwishoni. Shida yake haiko kwenye siku moja ya kuugua. Iko kwenye tarehe ya mwisho. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, wenzetu wa miradi waliokuwa na miadi ya wiki inayofuata waliambiwa wasije. Mshahara ulikatika siku moja na wateja. Mtu anayelea watu wenye kiwewe akapata kiwewe chake, na hana wa kumpigia kwa sababu msimamizi wake naye alikuwa wa mradi uleule. Ukiingia mradi, siku ya kwanza kazini ndiyo siku ya kuanza kuweka akiba ya siku ya mwisho.

Sasa chumba chako. Hapa nitakaa, maana ndipo watu wanapodanganyana kwa hesabu ya kwenye bodaboda. Hesabu hiyo huenda hivi: kikao 40,000, wateja kumi na wawili kwa wiki, mara wiki nne, 1,920,000 kwa mwezi. Nani atabaki kwenye ajira?

Tuifanye tena tumekaa. Namba ni za mfano, weka zako. Kati ya wateja kumi na wawili, wawili kila wiki wataghairi. Wamebaki kumi, 400,000 kwa wiki. Mwaka una wiki 52: toa nne za likizo, mbili za kuumwa wewe au mtoto, mbili za Desemba na mwanzo wa Januari ambapo kila mtu analipa ada. Zimebaki 44. Kwa mwaka ni 17,600,000, kwa mwezi ni kama 1,466,000. Toa pango 250,000, umeme na bando 60,000, msimamizi wako wa kitaalamu (nitamweleza mbele) 80,000, NSSF ya hiari 150,000, bima ya afya na dharura ndogondogo 100,000. Umebaki na 826,000, na TRA, watu wa kodi, hujaonana nao bado.

Mwenzako mwenye mshahara wa 1,200,000 akikatwa NSSF asilimia 10 na kodi ya mshahara (PAYE) kwa viwango vya sasa, anapeleka nyumbani kama 928,000. Kama wote wawili mna deni la Bodi ya Mikopo, yeye anakatwa asilimia 15 ya mshahara bila kuulizwa. Wewe unatakiwa upeleke mwenyewe, na deni halisahau. Mwajiri wake pia anaongeza 120,000 kwenye mfuko wa uzee ambazo yeye hazioni hata kwenye usingizi. Na ana siku 28 za likizo ya kulipwa.

Kwa hiyo kujiajiri ni kubaya? Hapana. Mimi nilichonunua kwa tofauti ile ni ule mstari wa mwisho wa jedwali. Nikiamua wiki hii sipokei kesi mpya ya ubakaji, sipokei. Hilo halina bei kwa mtu ambaye amewahi kupokea tatu kwa siku moja. Lakini niliponunua sikujua nanunua kwa shilingi ngapi, na hapo ndipo wengi wanapoumia: wakiona fedha haitoshi, wanaongeza wateja kutoka kumi na wawili hadi ishirini na wawili, na kile kilichowatoa kwenye ajira wamekijenga upya kwa mikono yao.

Jambo lingine la Dodoma: wateja wako wengi watatoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Hawatakuja saa nne asubuhi. Watakuja saa kumi na mbili jioni na Jumamosi. Na Bunge la bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, watumishi wanashikiliwa maofisini mpaka usiku, miadi inapukutika. Nilijifunza kwa mwaka mmoja kwamba mwezi wa tano wangu ni mwembamba. Sasa naupangia mapema, kama mkulima wa hapa anavyojua mvua ni moja kwa mwaka.

Ile nusu yangu ni hii: siku mbili kwa wiki nafundisha na kuhudumia kwa mkataba wa muda kwenye taasisi, siku mbili ni za chumba changu. Mkataba wa muda unalipa pango na bima. Chumba kinalipa vingine. Kwa mtu aliyemaliza chuo juzi sipendekezi hivi. Bado anahitaji kuona wateja wengi chini ya jicho la mtu mwingine, na ajira ndiyo inayompa hilo. Kwa mwenye miaka mitano na kuendelea, mwenye watoto, mseto ndio ninaouamini. Kama uko serikalini, omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kufungua chumba cha jioni. Usitegemee "mkuu anajua."

Bei: moja kwa wote, au kadiri ya mtu

Hapa nitapita haraka, kwa sababu jibu langu ni fupi. Bei moja ni rahisi kuisimamia lakini inamfungia nje mama wa Nkuhungu anayeuza mboga. Bei ya "toa ulicho nacho" inakufanya ukae kikaoni ukimhukumu mteja kwa viatu vyake. Nimefanya yote mawili. Sasa nina nafasi mbili kwa wiki za bei ya chini, zikijaa zimejaa, na yule wa tatu namwelekeza hospitali ya rufaa au kwa afisa ustawi. Bibi mmoja wa Bahi aliwahi kuniletea mchele kilo tano badala ya fedha. Niliupokea, tena ulikuwa mchele mzuri, lakini wiki iliyofuata alishindwa kunieleza jambo alilonikasirikia kwa sababu, kwa maneno yake, "mwanangu, tumeshakula pamoja." Zawadi ina bei yake.

Kwa wanaoghairi: kulipisha kikao kizima kunaleta ugomvi, kutolipisha kabisa kunakuletea ule mwezi wa tano wangu. Malipo kabla, kwa lipa namba, jioni ya kuamkia miadi, yamenipunguzia kughairi kuliko onyo lolote la mdomo. Ukitoa taarifa saa 24 kabla, fedha inahamia kikao kijacho. Nina hakika ningelianza na hilo, ujumbe ule wa Jumanne ingenipa nafuu tu bila maumivu.

Na ukifanya semina kwa shirika, watakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake. Ni fedha yako, inahesabiwa kwenye kodi ya mwaka.

Akiba ya siku za ukimya

Kila mshauri aliyejiajiri anahitaji fungu ambalo mimi naliita la siku za ukimya. Kwa mfano wetu wa juu, wiki moja bila wateja ni 400,000. Wiki sita ni 2,400,000. Nimechagua sita kwa sababu mtu akichelewa kukubali kwamba ameungua, wiki mbili hazimrudishi. Mwenye mshahara anaweza kuanza na pungufu, maana wiki zake za mwanzo analipa mwajiri; fungu lake ni la mradi kuisha au kuhama.

Liwekwe wapi? Wengi tunaanzia kikoba, nami nilianzia huko, Ipagala. Kikoba kina joto. Kinakulazimisha kuweka, kina mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, na Desemba mnagawana. Kwa ada ya Januari sijaona kitu bora. Kwa siku za ukimya kina kasoro mbili. Ya kwanza, fedha inatoka kwa kalenda ya kikoba, haifuati kalenda ya akili yako. Ukianguka Agosti utaambiwa ukope akiba yako mwenyewe kwa riba. Katiba yetu ilitaja kuuguza, kufiwa na kujifungua. "Nimechoka na simulizi za watu" haikuwemo, na sikuwa na ujasiri wa kuomba iwekwe. Kasoro ya pili ni yetu sisi peke yetu: mwezi wa tatu niligundua kwamba mweka hazina ni mke wa mteja wangu. Anasoma daftari langu la marejesho, na mimi najua ya nyumbani kwake asiyoyajua. Nilitoka kwa kisingizio cha kusafiri. Mji huu mkubwa kwa ramani, kwa watu ni mdogo: utakutana na wateja kamati ya harusi, kanisani, soko la Majengo, na kwenye kikoba. Ukiamua kikoba, tafuta cha mbali na mtaa unaofanyia kazi, au cha watu wa fani yako.

SACCOS ni nzuri kwa mkopo wa kiwanja au kumalizia nyumba. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako. Kwa ukimya siipendi. Akiba inakuwa dhamana, kuitoa mara nyingi ni mpaka ujitoe uanachama, na mkopo unataka wadhamini. Mshauri ana tabia ya kuwa mdhamini mzuri sana wa watu. Jifunze kukataa huko kabla hujajifunza kukataa wateja.

Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ndio ninaouwekea fungu lenyewe. Unaanza na 100,000, nyongeza kuanzia 10,000, huchajiwi kuingia wala kutoka, na ukiomba fedha inakufikia ndani ya siku tatu za kazi. Siku tatu ni umbali mzuri: karibu vya kutosha kwa dharura, mbali vya kutosha kwa kitenge cha Jumamosi. Ni uwekezaji, faida yake haina ahadi ya namba, lakini kazi ya fungu hili ni kuwepo, na linakuwepo.

Hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000, muda wa miaka 2 hadi 25, riba mara mbili kwa mwaka. Ni nzuri kwa uzee, hasa kwako usiye na mwajiri anayekuchangia. Unaweza kuiuza kabla ya muda kupitia soko la hisa, ila si jambo la kufanya ukiwa umelala kitandani na pazia limefungwa. Jaza Ukwasi kwanza, hati fungani baadaye.

Mkopo wa mtandaoni au wa kausha damu kwa ajili ya pango la chumba, usiuguse. Nimeona mwenzangu akipigiwa simu na wakusanya madeni katikati ya kikao, simu iko kimya lakini inawaka uso juu, na mteja anaiona. Watumishi nao wasijione salama: sheria ya theluthi inaukinga mshahara usikatwe ukaisha wote, lakini kuishi na theluthi moja miaka sita huku unasikiliza matatizo ya fedha ya wengine ni kazi nyingine ya pili.

Nani anakusikiliza wewe

Nilisema kiwewe cha kupokea hakijali akiba. Nilikuwa na fungu langu limejaa pale nilipopokea kesi ya mtoto mmoja ambayo sitaieleza hapa. Fedha ilinipa wiki mbili za kukaa nyumbani. Nilikaa nyumbani nayo hiyo hadithi. Wiki mbili, mimi nayo.

Nyumbani si pa kuimwaga. Mume wangu ni mtu mwema, ananiuliza "leo imekuwaje?", nami nimejifunza kujibu jinsi nilivyo bila kusema nilichosikia. Mchungaji au shehe anaweza kukubeba kiroho, na kwa wengi wetu hilo ni nusu ya safari. Lakini hatakuambia kwamba umemshikilia mteja yule kwa sababu anafanana na mdogo wako. Wa kukuambia hayo ni watatu, na wanatofautiana.

Kikundi cha wenzako ni bure. Chetu ni watu watano, kila baada ya wiki mbili, dakika tisini, kwenye chumba cha mmoja wetu. Hotelini hapana, nimeshaeleza mji huu ulivyo. Mmoja analeta kesi bila jina, bila kijiji, bila kazi ya mtu. Kwenye kundi la WhatsApp tunapanga muda tu. Habari za afya za mteja ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya skrini haina adabu. Nguvu ya kikundi ni kwamba aibu inaisha haraka: unasikia mtu unayemheshimu akisema alisinzia kikaoni. Udhaifu wake ni kwamba kinageuka baraza la malalamiko. Tuliacha kupambana na hilo, tukalitengea dakika kumi na tano za mwanzo: pango, wateja wasiolipa, nani kakatwa nini. Hakuna mahali pengine tunapozungumza fedha kwa uwazi, na nimegundua bei za wenzangu zilikuwa juu ya yangu miaka miwili nzima.

Msimamizi wa kitaalamu unamlipa, na unachonunua ni jicho. Anakuuliza mbona unazidisha muda kwa mteja yule tu. Hapa walioajiriwa wasikilize: msimamizi wa kitaalamu asiwe huyo anayekujazia PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji. Mtu anayetathmini utendaji wako hutamwambia kwamba wiki hii umemchukia mgonjwa. Utamwambia mambo yanakwenda vizuri, bosi. Kwa hiyo hata kama taasisi yako ina usimamizi, ukiweza tafuta wa nje, hata mara moja kwa miezi miwili. Wangu yuko Dar es Salaam. Kila mwezi tunaonana kwa video, na mara moja kwa robo mwaka napanda treni ya umeme, saa nne zisizotimia, tunakaa ana kwa ana. Video inatosha kwa kesi. Kwa machozi haitoshi. Mtandao hukatika palepale unapofika.

Mshauri wako mwenyewe ndiye ghali kuliko wote na ndiye tunayemkwepa zaidi. Usibadilishane na mwenzako, wewe unisikilize leo nami nikusikilize kesho; mnaishia kulindana. Nenda kwa mtu usiyempa wateja naye hakupi. Mimi nilikwenda baada ya zile wiki mbili, vikao vinane. Alinisaidia kuona kwamba kesi ile ilinishika pale nilipokuwa na jambo langu la utotoni sijalifunga. Kikundi kisingelifika hapo, na msimamizi asingelipaswa kufika.

Ukiwa na uwezo wa kimoja tu: chini ya miaka mitatu kazini, msimamizi. Zaidi ya hapo, kikundi, na fungu dogo la kumfuata mshauri siku hadithi itakapokataa kutoka. Ili ujue uko wapi, kuna kipimo cha ProQOL, maswali 30 kuhusu siku 30 zilizopita, hakilipiwi. Kinatenganisha uchovu wa kazi na kiwewe cha kupokea, na kinapima pia furaha unayoipata kwenye kazi. Mimi hujaza kila mwisho wa robo mwaka. Niliwahi kukuta uchovu uko chini na kiwewe kiko juu, huku nikijiandaa kuomba likizo. Likizo isingelitibu kitu.

Likizo moja ndefu au siku moja kila wiki

Mwenye mshahara achukue siku zake 28 zote, asiziuze wala asizihamishe. Aliyejiajiri, likizo ya mwezi mzima inamgharimu pango la chumba tupu na wateja wanaosahau njia. Nilijaribu mwaka mmoja, nikarudi nimepumzika na sina mtu. Sasa nina wiki mbili Agosti, upepo na vumbi vikishika mji, na wiki mbili Desemba, na kila Jumatano chumba kimefungwa. Jumatano huenda kwa shemeji yangu Hombolo kuangalia zabibu zake, au nalala. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naichukulia Jumatano kama siku ya kuwabeba walioghairi Jumanne. Mwezi uliopita mtu aliniomba Jumatano saa nne, sauti yake nzito. Nilimuuliza kama yuko salama mpaka kesho yake, akasema yuko salama. Nikampa Alhamisi saa mbili asubuhi, akalipa jioni ile, akaja.